Mnunuzi wa Chupa na Bibi Afya

Karibu kila mkutano wa usafi ninaoalikwa siku hizi huanza na lawama ile ile: wakazi wa Dar es Salaam hawana utamaduni wa kutenganisha taka. Husemwa na watu wenye nia njema, wengi wao vijana niliowaacha kazini, na baada ya lawama hugawiwa vipeperushi vyenye picha ya mapipa ya rangi tatu. Nimefanya kazi ya afya mjini hapa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi nilipostaafu, sehemu kubwa nikiwa bibi afya wa kata upande wa Temeke, na lawama hiyo siikubali. Mji huu ulijua kutenganisha. Uliifanya kazi hiyo kwa vizazi kadhaa bila kipeperushi hata kimoja. Kabla hatujamhimiza mtu aanze, tungepaswa kujua nani alimfanya mama yake na bibi yake waanze, na nini kiliwafanya waache.

Tuanze na debe. Wakati wa Mwingereza mafuta ya taa yaliletwa katika madebe ya bati ya galoni nne, na debe lilipoisha mafuta ndipo kazi yake ilipoanza. Lilichotewa maji kisimani. Lilipimiwa mahindi na mkaa, na hadi leo sokoni Tandika bei hutajwa kwa debe hata kama kinachoshikwa mkononi ni ndoo ya plastiki. Lililotoboka lilipasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo, likaezekea nyumba. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na huduma ya kuzoa taka ikafuata mgawanyo huo huo: Wazungu wa Oysterbay walihudumiwa kwanza, Kariakoo na Ilala zikapata kilichobaki. Hata hivyo nyumba ya Uswahilini haikuwa na mengi ya kuzolewa. Majivu yalimwagwa chooni, maganda walipewa mbuzi na kuku, na kila kitu cha bati, cha kioo, cha gunia au cha mpira kilikuwa na mtu anayekisubiri.

Wengi wa hao waliosubiri walikuwa Gerezani, jirani na Kariakoo, kwa mafundi bati. Kopo la maziwa liliingia kwa fundi likatoka koroboi. Pipa la mafuta lilikatwa likawa karai na majiko ya mkaa. Mabati chakavu yaligeuzwa masanduku ya wanafunzi wa bweni. Langu la kwanza lilitoka huko, na ndani ya kifuniko maandishi ya kiwanda yalikuwa bado yanasomeka chini ya rangi. Mafundi wengine walikata matairi wakashona katambuga, viatu ambavyo mkulima aliweza kuvivaa miaka mingi. Wasomi wa mazingira leo hupanga mambo haya chini ya jina la uchumi rejeshi. Gerezani ilikuwa kazi ya kulisha watoto, na malighafi yake ilitoka majumbani mwa watu.

Swali linalonishughulisha ni namna ilivyotoka majumbani. Kopo haliendi Gerezani kwa miguu yake. Kati ya uvungu wa kitanda cha mama mwenye nyumba na nyundo ya fundi kulikuwa na mtu mmoja ambaye vitabu vya historia ya mji huu nilivyovisoma havimtaji, naye ndiye mnunuzi wa chupa na makopo.

Nilimfahamu kwa shangazi yangu, Keko, nilipokuja mjini kusoma katikati ya miaka ya 1970. Alikuwa mzee mwembamba, gunia begani, na baadaye akapata mkokoteni. Sauti yake ilimtangulia mtaa mzima: "Chupaaa! Chupa tupu!" Alipita kila Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri. Shangazi aliweka chupa kwenye kikapu cha ukili nyuma ya mlango wa uani, makopo kwenye boksi, magazeti ya Uhuru na Mzalendo juu ya kabati, kwa kuwa magazeti yalikuwa na wateja wake wengine, wauza karanga na wakaanga maandazi. Hakuna aliyemfundisha mpangilio huo kwa mdomo. Mzee yule alifundisha kwa kukataa. Chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa hakuichukua, maana wateja wake walikuwa wauza asali na mafuta ya nazi, na harufu ya mafuta ya taa haitoki. Aliinusa, akairudisha mkononi mwa shangazi, akasema kwa upole, "Hii hapana, mama." Wiki iliyofuata chupa za mafuta ya taa zilikuwa zimetengwa. Iliyopasuka aliipokea kwa bei ya chini na kuiweka kwenye gunia lake peke yake. Hiyo ilipelekwa kuyeyushwa, kwa kuwa tangu miaka ya 1960 mji ulikuwa na kiwanda chake cha vioo huko Chang'ombe, na kiwanda cha vioo hula vioo vilivyovunjika pamoja na mchanga.

Malipo yalikuwa senti chache, wakati mwingine kipande cha sabuni. Nimesikia ikisemwa kwamba watu walitenganisha kwa ajili ya fedha tu na kwamba leo fedha hiyo haitoshi kumshawishi mtu. Sidhani shangazi alizihitaji zile senti. Mume wake alikuwa na kazi bandarini. Alichokipata, naamini, ni uhakika. Alijua kitu alichokiweka pembeni kitachukuliwa, siku gani, na nani, na kitakwenda kufanya nini. Siku moja mzee hakufika kwa sababu ya homa, akamtuma mwanawe kutoa habari. Hebu fikiria: mnunuzi wa chupa tupu anatuma ujumbe kwamba leo hatafika.

Upande wa soda na bia utaratibu ulikuwa mkali zaidi, na ulishika mji wote, Uzunguni na Uswahilini. Hukuweza kununua soda ukaondoka nayo bila kuacha chupa tupu au amana. Mtoto alitumwa dukani na chupa mkononi. Kwenye harusi kulikuwa na mtu maalumu wa kuhesabu kreti, na aliyepoteza chupa alilipa. Baada ya vita vya Kagera, wakati wa uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni na mafuta ya kula vilipangiwa foleni kwenye maduka ya kaya, na chupa tupu ikawa mali ya kufungiwa kabatini. Dukani ulikwenda na chombo chako au ulirudi mikono mitupu. Sitamani dhiki ile irudi. Ninachosema ni kwamba jiji la watu wapatao milioni moja liliwahi kurudisha chupa zake karibu zote, na hakuna ofisa afya aliyepita nyumba hata moja kuomba hivyo.

Sisi tulipita nyumba hizo kwa jambo jingine. Hapo inabidi niseme habari za Mtu ni Afya, kampeni ya mwaka 1973. Nilikuwa bado shule ya msingi, kijijini kwetu Maneromango. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa masomo ya wiki 12, Radio Tanzania ikayarusha, na watu wapatao milioni 2 nchi nzima wakakaa katika vikundi kusikiliza. Mama yangu alikuwa katika kikundi kilichokutana chini ya mwembe wa shule. Walisikiliza, mmoja akasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakakubaliana kazi ya wiki: kuchimba choo kwa fulani, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kuchimba shimo la taka. Wiki iliyofuata waliulizana nani amefanya. Nchi yetu haijapata tena somo la afya lililowafikia watu kwa namna ile, na ndilo lililonitia katika kazi hii.

Somo hilo lilisema taka ni adui. Ziondoe ndani, zifukie, zichome, zisilale. Lilikuwa somo sahihi; kipindupindu kilipolipuka mwishoni mwa miaka ya 1970 tuliona sababu yake. Nasi mabibi afya na mabwana afya tulilirudia mlango kwa mlango kwa miaka mingi, tukiwa na daftari la ukaguzi na mamlaka ya kutoza faini. Tulipokuta marundo ya makopo uvunguni tuliamuru yatolewe, kwa kuwa kopo lenye maji ni nyumba ya mbu. Kwa hiyo mwenye nyumba alisikia sauti mbili. Mnunuzi alisema weka. Serikali ilisema tupa. Ilimradi mnunuzi aliendelea kupita, sauti zote mbili zilikaa pamoja, kila moja na sehemu yake.

Kilichokuja kuvunja uwiano huo ni wingi. Biashara ilifunguliwa kuanzia mwaka 1984, na chini ya Rais Mwinyi bidhaa zikarudi madukani, safari hii zikiwa zimefungwa kwa vitu ambavyo Gerezani haikuwa na kazi navyo. Ukaja mfuko mwepesi wa plastiki, ule tuliouita rambo, na kikapu cha ukili kikaonekana cha kizamani. Mji ukawa unakua kwa kasi. Sensa ya 1988 ilihesabu watu takriban milioni 1.36, na magari ya halmashauri yaliyokuwa yanatembea yalikuwa machache kuliko yaliyosimama karakana kwa kukosa vipuri.

Mwaka huo huo wa 1988 wakazi wa Tabata waliifikisha Halmashauri ya Jiji mahakamani kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwaka moshi kati ya nyumba zao. Walishinda. Jiji liliamriwa kuacha kumwaga taka pale, likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena, mpaka Jaji Lugakingira alipokataa, akieleza kuwa moshi na uvundo ule unagusa haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko karibu 800 nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi ziliko hadi sasa. Wanasheria huzisoma kesi hizo kama mwanzo wa haki ya mazingira nchini, nami nazisoma pia kama habari ya wakazi wenyewe. Watu wale wale wanaoambiwa leo kwamba hawajali taka walikwenda mahakamani, wakafuatilia kesi kwa miaka, wakalishinda jiji. Aliyeweza kufanya hivyo hashindwi kuweka maganda ya ndizi mbali na chupa.

Kufikia 1992 halmashauri ilikuwa ikizoa chini ya asilimia 5 ya taka zinazozalishwa kwa siku. Ilifanyika operesheni ya dharura, kwa msaada wa nchi wahisani na Umoja wa Mataifa, kusafisha marundo. Mwaka 1994 uzoaji wa kata za katikati ya mji ulikabidhiwa kampuni binafsi. Mwaka 1996 halmashauri yenyewe ilivunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na kuanzia 1998 kata nyingi ziligawiwa makampuni madogo na vikundi vya wakazi, vingi vikiwa vya wanawake na vijana wenye mikokoteni, ambao walikusanya ada wenyewe mlango kwa mlango. Baada ya miaka michache uzoaji ulipanda hadi karibu asilimia 40. Nilikuwepo, na najua jasho lililomwagika kuifikia namba hiyo.

Kulipisha ada ndiko kulikokuwa kugumu. Wazee walituuliza kwa nini walipie jambo ambalo serikali ililifanya bure, na jibu la kweli, kwamba haikuwa ikilifanya, halikuwapendeza. Vikundi vilivyofaulu vilikuwa na tabia moja: vilizoa kwanza, siku ile ile kila wiki, kwa mwezi mzima, ndipo vikaja kudai. Niliona kina mama wa kikundi kimoja wakipita na mkokoteni kwenye mvua ya masika, matope hadi magotini, kwa sababu ilikuwa Jumanne na Jumanne ndiyo siku waliyoahidi. Mwisho wa mwezi walilipwa na karibu mtaa mzima.

Kisha, baadaye kidogo, tukaagizwa kuhimiza kutenganisha. Nilipewa mtaa wa kuanzia. Nilitumia wiki kadhaa nikipita na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wajumbe, nikikaa vibarazani, nikirudia mbinu za Mtu ni Afya nilizoziona utotoni: kikundi kidogo, kazi ya wiki, kuulizana. Mama mmoja mtu mzima alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Bibi afya, miaka yote unatuambia zisilale ndani. Leo unasema zilale?" Hakuwa akibishana. Aliuliza kwa heshima kabisa, na swali lake lilikuwa la msingi kuliko kila kitu kilichoandikwa katika mwongozo tuliopewa. Tulikuwa tunamwomba avunje tabia ambayo sisi wenyewe tulimjengea kwa kizazi kizima. Nikamweleza kwamba zitakazolala ni kavu, zilizosuuzwa, na siku ya kuzichukua itajulikana. Alikubali. Mtaa ukakubali. Siku ya kwanza mifuko ilitolewa nje ikiwa imetengwa vizuri kiasi cha kuniliza.

Gari la mzoaji lilipofika, vijana waliimwaga yote kwenye bodi moja, mbele ya macho ya waliotenganisha. Mzoaji hakuwa na gari la pili, wala mkataba haukumdai atenganishe. Wiki ya pili nyumba zilizotenganisha zilipungua kwa nusu. Wiki ya nne hazikuwepo. Taarifa iliyoandikwa baadaye ilisema wakazi wanahitaji elimu zaidi.

Sijawahi kuikubali taarifa ile, na nitaendelea kuipinga kila nitakapopewa nafasi ya kusema. Wakazi walipewa elimu siku ile gari lilipofika. Walijifunza kwamba kazi yao haina maana kwa anayeipokea. Mzee wa chupa wa Keko aliirudisha chupa mbovu kwa aliyeitoa na akaichukua nzuri kwa bei, kwa hiyo kila Alhamisi shangazi alijua amefanya vizuri au vibaya. Mtaa wangu haukuambiwa lolote, ukamwagwa.

Biashara ya kununua, kwa upande wake, haijafa. Sasa inapita na toroli na kipaza sauti chenye maneno yaliyorekodiwa, ikiita vyuma chakavu, betri mbovu, feni mbovu, redio mbovu, na nyumba zinatoa. Chupa za maji za plastiki, ambazo wakati wa shangazi hazikuwepo, zina waokotaji wake, wanaozifikisha ghalani kwa magunia na kulipwa kwa mzani. Hao ndio wanaofanya kazi kubwa ya urejelezaji mjini hapa, wakiwa hawana glavu wala kitambulisho, na mara nyingi wakifukuzwa na walinzi wa mitaa ile ile wanayoisafisha. Mapato yao hutegemea soko la mbali. China ilipofunga mlango kwa plastiki chakavu za nje mwaka 2018, magunia yalijaa kwenye ghala moja ninalolifahamu mpaka nje ya ukuta, na waokotaji waliozoea kulipwa jioni wakaambiwa wasubiri. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 nalo lina somo lake. Rambo ilitoweka masokoni kwa muda mfupi sana, na wakazi wale wale wanaoitwa wagumu wakarudi kwenye vikapu. Agizo lilikuwa wazi, lilikuwa na tarehe, na mifuko mbadala ilikuwa tayari dukani.

Kata ya Bonyokwa, upande wa Ilala, ndiko nilikoona mambo haya yakiunganishwa. Shirika la Nipe Fagio lilianza na wazoaji wenyewe, likawasaidia kuunda ushirika, ndipo likaenda kwa wakazi. Mzoaji hupita nyumba hadi nyumba, hutazama kilichotengwa mbele ya mwenye nyumba, na kisichotengwa hukisemea hapo hapo. Nilisimama mlangoni pa nyumba moja nikamwona binti mmoja akirudisha mfuko uliochanganywa, akimwambia mama mwenye nyumba, "Shikamoo mama, huu wa leo tusaidie kuutenga," na mama akaufungua bila kinyongo. Nilimkumbuka mzee na chupa yake ya mafuta ya taa.

Kilichobaki, na kwangu ndicho kikubwa, ni zile zinazooza. Zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni maganda, mabaki ya chakula na majani, na hizo hazina mnunuzi mlangoni. Zamani zilikuwa na mbuzi na kuku wa uani, lakini nyua zimejengwa vyumba vya kupangisha. Watu wameongezeka: sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Taka hizo ndizo zinazonuka, ndizo zinazochafua karatasi na plastiki zikichanganywa, na ndizo zinazojaza Pugu. Zikitoka nyumbani peke yake, kilichobaki kinakuwa kikavu, na kikavu kinaweza kulala wiki nzima bila kumuudhi bibi afya yeyote. Mtaani kwangu tumeanza na hizo. Mama ntilie watano na nyumba za jirani zao hujaza ndoo zenye vifuniko. Kijana mwenye guta huzichukua kila siku alfajiri, kuzipeleka kwa wafugaji wa nguruwe na kwa bustani za mchicha bondeni, na wafugaji humlipa yeye. Kwa sasa halipwi na mtaa. Nimemwandikia mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuomba sehemu ya ada ya taka tunayolipa ielekezwe kwake, kwa hesabu ya ndoo anazozuia zisifike kwenye gari, na nimeambatanisha daftari lake la miezi mitatu.